Leza Ndogo Karakanani: Tujue Kwanza Tunachokata



Katika miaka ya karibuni mashine ndogo za leza zimeanza kuingia katika karakana za ufundi zinazotegemezwa na parokia. Nyingine huletwa na wageni, nyingine huagizwa kutoka China, na nyingine ni zawadi za vikundi marafiki walio ng'ambo. Ya kwetu tuliipata mwaka 2021. Tangu hapo kamati kadhaa zimetuuliza kama mradi huu unafaa kwa vijana wao, na wafadhili wametuuliza kama fedha zao zitatumika vema. Somo la toleo hili ni jibu letu kwa wote. Tunaanza na kosa letu wenyewe, kwa kuwa lilitufundisha zaidi kuliko kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine (ambacho, kusema kweli, kilikuwa na kurasa nne tu).

KAZI YA MAJALADA 200

Mwezi Agosti 2022 kamati ya jubilei ya parokia moja ilituletea kazi ya majalada 200 ya vitabu vya nyimbo. Kila jalada lilitakiwa kuchongwa msalaba na mwaka. Malighafi walileta wao: roli la ngozi nyeusi, laini, ya kupendeza macho. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, nasi tukapokea malipo ya awali bila kuuliza mengi. Mwalimu wa karakana aliuliza swali moja tu: "Hii ni ngozi ya mnyama gani?" Katibu wa kamati akamjibu, "Mwalimu, ngozi ni ngozi." Tukacheka, kazi ikaanza.

Vijana wawili waliwasha mashine asubuhi, madirisha yakiwa wazi. Walipofika kwenye jalada la kumi hivi, mmoja alianza kukohoa, na macho yakawa yanamwasha. Harufu ilikuwa kali, ya kuchoma pua, kama ya dawa ya kusafishia vyoo. Mwalimu alisimamisha kazi, si kwa sababu alijua kilichotokea, bali kwa sababu hakukipenda kikohozi kile. Kijana alipelekwa zahanati na aliendelea kukohoa kwa siku nne. Fundi alipokuja kuisafisha mashine siku ya tatu, alikuta vyuma vinavyobeba kichwa cha leza, ambavyo vilikuwa vinang'aa kama kijiko kipya, vimeshika kutu. Skrubu nazo vivyo hivyo. Wala sisi hatuko pwani tuseme ni hewa ya chumvi.

Ile haikuwa ngozi. Ilikuwa kitambaa kilichopakwa plastiki ya PVC, ile ngozi ya bandia inayovalishwa viti vya sofa na mikoba ya bei nafuu. PVC tupu ina klorini zaidi ya nusu ya uzito wake. Ikiunguzwa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu hugeuka kuwa asidi kali. Unyevu uko hewani, ndiyo maana vyuma vilishika kutu. Unyevu uko pia machoni, kooni na mapafuni. Kilichokula vyuma vyetu ndicho kilichokuwa kikiingia vifuani mwa wale vijana.

Tulirudisha malipo ya awali. Kamati haikufurahi, na kwa muda ikasemekana kwamba karakana yetu haiwezi kazi. Tulilipokea hilo, kwa kuwa kosa la kupokea kazi bila kujua malighafi lilikuwa letu.

MWANGA NA RANGI YAKE

Leza ya kwanza iliyofanya kazi iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Miaka minne baadaye, mwaka 1964, Kumar Patel, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyefanya kazi Bell Labs, alivumbua leza inayotumia hewa ukaa. Mashine za karakana ndogo siku hizi ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya dayodi, yenye mwanga wa bluu. Hii ndiyo nyepesi na rahisi, na mara nyingi huja kama fremu iliyo wazi isiyo na sanduku. Ya pili ni ile ya hewa ukaa, yenye bomba refu la kioo linalopozwa kwa maji. Mwanga wake hauonekani kwa macho.

Tofauti ya mwanga si jambo dogo. Mwanga wa bluu una urefu wa mawimbi wa nanomita 450 hivi, na ule wa hewa ukaa nanomita 10,600. Malighafi hukatika pale tu inapoumeza mwanga. Perspeksi angavu, kwa mfano, huupitisha mwanga wa bluu kama dirisha linavyopitisha jua, kwa hiyo leza ya dayodi haiikati hata ukiiacha saa nzima. Perspeksi hiyo hiyo ikiwekwa chini ya leza ya hewa ukaa hukatika vizuri mno, na ukingo hubaki uking'aa kana kwamba umepigwa msasa. Kamati inayotaka kutengeneza vikombe vya perspeksi vya kuwatunza washindi, kisha ikanunuliwa mashine ya dayodi, itavunjika moyo bure.

Jambo lingine ni wati. Wauzaji wengi wa leza za dayodi huandika kwenye boksi wati za umeme unaoingia, si wati za mwanga unaotoka. Mashine iliyoandikwa "40" inaweza kutoa wati 5 tu za mwanga. Kabla ya kulipa, ulizeni: wati za mwanga ni ngapi?

MBAO NA JAMAA ZAKE

Hapa ndipo mashine ndogo inapostahili sifa, na hapa ndipo sisi tunapata kipato kikubwa. Plaiwudi ya milimita 3 hukatwa na leza ya dayodi yenye wati 10 za mwanga kwa kupita mara moja au mbili, na ile ya hewa ukaa ya wati 40 huimaliza kwa kupita mara moja. Lakini plaiwudi si zote. Adui yake ni gundi. Zile za nje, zilizounganishwa kwa gundi nyeusi isiyoshika maji, huunguza kingo na kukataa kukatika. Aidha, zipo zenye mashimo ndani yaliyojazwa gundi. Mwale ukifika hapo hukwama, na kipande kinabaki kimeshikilia pembeni. Tulizoea kununua bila kuangalia. Sasa fundi huenda dukani mwenyewe na kuutazama ukingo wa ubao. Tabaka zikiwa sawasawa na ukingo hauna mapengo, anachukua.

Mbao ya paini kutoka Sao Hill, Mufindi, huchongeka kirahisi, ila mistari ya umri wa mti huleta matatizo: sehemu laini huchimbika zaidi na sehemu ngumu hubaki juu, na picha hutoka na mabonde. Kwa maandishi makubwa si neno. Kwa picha ya uso wa mtu haifai. Mninga unatoa rangi nzuri ya kahawia iliyokolea, na vibao vya majina ya ofisini vya mninga ndivyo vinavyopendwa zaidi na wateja wetu. Mpingo ni mgumu na mzito, unazama majini, na wenyewe ni mweusi: ukiuchonga kwa leza, maandishi meusi juu ya mti mweusi hayaonekani mpaka uyajaze rangi nyeupe. Kwa maoni yetu mpingo waachiwe wachongaji wa patasi. Vumbi lake pia huwasha ngozi na pua.

Vifuu vya nazi, vibuyu na mianzi vinachongeka vema, na ni malighafi isiyo na gharama kubwa. Shida ni kwamba vifuu na vibuyu vina mviringo, wakati mwale hukusanyika mahali pamoja tu pa kimo fulani. Palipoinuka au kuinama, mstari hunenepa na kufifia. Tunachonga sehemu ndogo, kisha tunakigeuza.

MDF inakatika, lakini gundi yake ina formaldehidi na moshi wake ni mzito. Hatuikati mpaka feni ya moshi iwe inafanya kazi.

Mwale nao hula mti kidogo, kama msumeno, kiasi cha sehemu moja hadi tatu za kumi za milimita. Vijana wanaotengeneza masanduku ya kuchomekana wasipohesabu upana huo, vipande hulegea. Ndiyo maana kazi yoyote mpya huanza kwa jaribio: kwenye kipande cha takataka cha malighafi ile ile tunachora vijiraba vingi, kila safu ikiwa na mwendo tofauti na kila mstari nguvu tofauti. Kinachotoka vizuri ndicho tunachotumia. Vipande hivyo tumevitundika ukutani, vimeandikwa tarehe na jina la duka. Vina faida kuliko jedwali lolote, kwa kuwa ni vya mashine yetu na mbao zetu. Michoro tunaiandaa kwa programu ya Inkscape, ambayo ni ya bure.

NGOZI, VITAMBAA NA KARATASI

Ngozi halisi inachongwa vizuri sana, lakini nayo ina namna zake. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kwa mfano ya miwati inayolimwa Njombe, hukatwa kwa leza bila hatari kubwa, ijapokuwa hunuka kama nywele zilizoungua. Ngozi nyingi za viatu na mikoba hutengenezwa kwa kromiamu, na moshi wake unaweza kubeba sumu ya madini hayo. Itazameni mahali ilipokatwa: ukingo ukiwa na rangi ya bluu au kijivu katikati, ni dalili ya kromiamu, ukiwa wa kahawia tangu juu hadi chini, yaelekea ni ya magome. Ngozi ya bandia hujulikana kwa kuigeuza. Nyuma yake mna kitambaa kilichofumwa, si nyuzinyuzi za ngozi.

Ipo pia ngozi ya bandia isiyo ya PVC, iliyopakwa plastiki ya poliyurethani. Haina klorini, lakini moshi wake una sumu nyingine, ikiwemo sianidi. Tumeamua kukataa zote mbili, ili kijana asiachiwe kazi ya kubahatisha.

Pamba, kitenge cha pamba na karatasi ngumu ya kadi hukatika kwa nguvu ndogo. Huwaka moto upesi pia.

PLASTIKI

Nje ya perspeksi, plastiki nyingi hazifai. ABS huyeyuka na moshi wake una sianidi. Polikaboneti huungua na kugeuka rangi ya chai. Povu jeupe la kufungia televisheni hushika moto mara moja. Tatizo kubwa ni kwamba PVC ina majina mengi mtaani. Ule ubao mweupe mwepesi wa mabango, ambao baadhi ya mafundi huuita foreksi, ni PVC. Stika za vinaili zinazobandikwa kwenye magari wakati wa sherehe ni PVC. Turubai nyingi za mabango yaliyochapwa ni PVC. Hizi ndizo kazi ambazo kamati hutuletea mara nyingi! Stika zikatwe kwa mashine ya kisu, na ubao wa mabango kwa msumeno.

Kama hamjui plastiki ni ya aina gani, kuna kipimo cha zamani cha wanakemia ambacho hakihitaji maabara. Shikeni waya mtupu wa shaba kwa koleo, nje ya nyumba, upepo ukitokea mgongoni kwenu. Uchomeni kwenye moto wa jiko la gesi mpaka moto usiwe na rangi ya kijani tena. Ukiwa ungali wa moto, uguseni kwenye plastiki ili chembe ndogo inate, kisha urudisheni motoni. Moto ukigeuka kijani kibichi, plastiki hiyo ina klorini na isiwekwe kwenye leza. Usipogeuka, hiyo si ruhusa ya kukata; mmejua tu kwamba haina klorini. Roli la majalada tulilipima hivyo wiki moja baada ya ajali. Moto ulikuwa kijani kama jani la mgomba.

KIOO, JIWE NA CHUMA

Leza ya hewa ukaa hukwaruza uso wa kioo ukawa mweupe, haikikati. Ile ya bluu hupita tu, isipokuwa kioo kikipakwa kwanza rangi nyeusi. Jiwe jeusi la itale, lile la makaburi, hugeuka jeupe mahali mwale ulipopita, na familia nyingi hulipenda. Vyuma mashine hizi hazikati. Huchuna rangi juu ya alumini iliyotiwa rangi kiwandani, na hilo linatosha kwa vibao vya kuwekea alama vifaa vya zahanati au shule. Mteja akitaka kukatiwa bati, tunamwelekeza kwa fundi wa kuchomelea.

MACHO, MOSHI NA MOTO

Mwanga wa bluu hupenya jicho hadi utando wa nyuma na kuuharibu bila maumivu, na uharibifu huo hauponi. Mwanga wa hewa ukaa huunguza uso wa jicho. Miwani ya jua haisaidii kitu. Miwani inayofaa imeandikwa urefu wa mawimbi inaoukinga, pamoja na herufi OD na namba. OD 4 huruhusu sehemu moja tu ya 10,000 ya mwanga ipite. Miwani isiyo na maandishi hayo, hata kama imekuja ndani ya boksi la mashine, tunaihesabu kuwa si miwani. Lililo bora zaidi ni sanduku lililofunikwa pande zote, maana mgeni anayechungulia mlangoni hana miwani.

Moshi uvutwe kwa feni na bomba hadi nje, mbali na dirisha la darasa. Dirisha wazi pekee halitoshi, kama tulivyoona. Pampu ya hewa inayopuliza pale mwale unapokata hupunguza ndimi za moto na kusafisha mkato. Mashine isiachwe peke yake hata kwa dakika ya kwenda kuchota maji. Tunayo ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto hatua mbili kutoka ilipo.

Kwa wenye mashine ya hewa ukaa: bomba lake hulishwa umeme wa volti zaidi ya 10,000, ambao unaua. Waya wa ardhini uwe umefungwa na fundi umeme, na kifuniko cha nyuma kisifunguliwe na mwanafunzi. Hakikisheni maji yanazunguka kabla ya kuwasha mwale, la sivyo kioo hupasuka. Sehemu za joto, kama Dar es Salaam au Mombasa, maji ya ndoo hupata moto upesi, na chupa za maji yaliyogandishwa huwekwa ndani yake.

KWA WAFADHILI NA KAMATI

Tunashukuru kwa dhati kila mashine iliyotolewa. Ombi letu ni moja. Zawadi ya mashine iambatane na sanduku lake, feni na bomba la moshi, miwani yenye maandishi, pampu ya hewa na kidhibiti umeme. Kama fedha hazitoshi vyote, tafadhali nunueni mashine ndogo zaidi pamoja na vifaa hivi kuliko mashine kubwa bila hivyo. Tumetembelea karakana ambayo leza ya wati nyingi imefunikwa shuka tangu ilipofika, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuiwasha ndani ya chumba kisicho na bomba la moshi. Mwalimu wao alikuwa na busara.

Kwa kamati zinazoleta kazi: leteni kipande cha malighafi wiki moja kabla, pamoja na risiti au jina la duka. Tutakipima na kuwapa jibu siku hiyo hiyo. Kazi ya majalada nayo iliisha hatimaye. Kamati ilirudi Oktoba, vijana wakakata ngozi ile ya bandia kwa kisu na kuishona kwa mkono, na kila jalada likabandikwa kibao kidogo cha mninga kilichochongwa msalaba na mwaka. Ilichukua wiki tano badala ya moja. Kijana aliyekuwa akikohoa ndiye aliyechonga vibao vyote 200.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Kazi gani ambazo parokia yetu huagiza kila mwaka (mabango, stika, vibao, zawadi) zimetengenezwa kwa PVC? Chukueni vitu vitatu vilivyoko ofisini mvipime kwa waya wa shaba.

2. Fundi akikataa kazi yetu kwa sababu ya usalama wa vijana wake, sisi kama kamati humjibu nini? Nani atatafuta njia nyingine pamoja naye?

3. Karakana yetu ikipewa leza mwezi ujao, moshi utatokea wapi, na nani analala au kusoma upande huo?